Obed, Kopo Lako Limerudi Garini

Mwaka umezunguka na kutimia, Obed, tangu Jumapili ile ya Juni ulipotoka ibadani, ukala ugali wako kwa maharage, ukasema unajinyoosha kidogo kabla ya chai. Chai ilipoa mezani. Wewe hukuamka.

Mpaka leo watu wanatuuliza ilikuwa kona gani. Mtu wa Makambako ukimwambia dereva wa lori la Fuso amefariki hasubiri umalize. Anashika kichwa, anataka kujua kama ni Chimala au Kitonga, kama gari lilikosa breki au dereva alisinzia. Tumechoka kueleza. Miaka thelathini na minne ulibeba mbao za Njombe na viazi vya Matamba, hukuangusha gari hata siku moja, na moyo ulipogoma gari lilikuwa uani, breki ya mkono imevutwa, tairi zimezuiwa kwa yale magogo yako mawili ya mti wa muwati. Hata kufa, mpendwa wetu, ulikufa umeshaegesha.

Tunakukumbuka kwa upole wako, ndiyo, na kwa mkono wako mwepesi wa kutoa. Ila tusidanganyane, tunakukumbuka zaidi kwa ulivyokuwa unachelewa kuondoka. Wenzako walikuwa wameshapita Igawa, wewe bado unalizunguka gari na kijiti chako cha mwanzi, unagonga tairi moja baada ya nyingine, unasikiliza, unainama kuchungulia chini, unafuta taa kwa kitambaa ambacho mkeo alikuwa anakitafuta jikoni. Dada yako Eveline alikuwa anakuuliza kama gari hilo unalichumbia. Ulikuwa unacheka, kisha unaanza upya tairi ya kwanza, kwa sababu amekupotezea hesabu.

Yale magogo uliyafunga kamba kwenye bampa ili yasisahaulike njiani. Kitu pekee kilichokuwa kinakutoa kwenye upole wako ni mawe. Dereva gari likimfia mlimani anaweka jiwe nyuma ya tairi, gari likipona anaondoka zake, na jiwe linabaki katikati ya barabara linamngoja mwingine. Wewe ulikuwa unasimama, unashuka, unayasukuma pembeni mawe ya watu usiowajua, huku ukisema maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyasema.

Na juu ya mzigo hukupandisha mtu. Hata shemeji zako wa Kidugala uliwaacha stendi siku ya harusi, wakakununia mwaka mzima. "Viazi vikimwagika nitaviokota," uliwaambia. "Ninyi nitawaokotaje?"

Tungeweza kuishia hapa, na hili lingekuwa tangazo la kawaida la kumkumbuka mtu mwema. Lakini kuna jambo tulilolifanya mwaka huu, sisi wote uliotuacha, na mkeo Emilia kuliko wote. Amesema hataki likupite. Anataka ulijue, na anataka walisikie wote wenye dereva nyumbani mwao.

Ni habari ya kopo.

Hatuna haja ya kukueleza kopo gani, ila wanaosoma hawalijui. Ni kopo la siagi, la bati, kifuniko chake kimekunjika upande mmoja. Simu yako ndogo ya vitufe, kitochi, ililala humo, nyuma ya kiti, kila gari lilipokuwa linatembea. Ulipiga ukiwa Matamba kabla ya kuwasha, ukasema unaondoka. Ulipiga ukiwa umemaliza zile kona hamsini na saba za mlima, gari limesimama pale Chimala, ukasema umeshuka. Ukifika nyumbani ulipiga honi mbili getini. Katikati ya hapo hukupatikana, hata angekutafuta askofu.

Emilia alijaribu mara moja, mwaka ule uliomnunulia simu yake ya kwanza. Mvua ilikuwa inanyesha, redio imetangaza ajali, naye akakupigia mara tisa. Ulipofika hukugomba. Ulivua koti, ukamkalisha kwenye kigoda cha jikoni, ukamuuliza swali moja kwa sauti yako ile ya chini.

"Mama Yoramu, ukinipigia nikiwa kwenye kona, unanitafuta au unaniua?"

Hakujibu. Lakini hakukupigia tena njiani miaka kumi na mitano yote iliyofuata. Alijifunza kungoja. Alikuwa anapika, anafua, anapalilia, na sikio liko getini.

Ulipoondoka, mafunzo yote yale yaliondoka na wewe.

Mwanao Yoramu alishika usukani mwezi wa nane. Leseni anayo, chuo cha udereva alipita, na wewe mwenyewe ulimkalisha pembeni yako miaka mitatu kabla ya kumwachia gari. Tulijua anaweza. Lakini Emilia alikuwa ametoka kuzika mume, na kila Fuso lilipotoka getini aliona kama linakwenda kumchukua na mtoto. Hilo ndilo lililokuwa linamla. Upweke aliuweza, alikuwa anaimba nao jikoni. Alichokuwa hakiwezi ni wazo kwamba barabara ile, iliyokukosa wewe miaka thelathini na minne, itajilipa kwa Yoramu. Akaanza kupiga simu.

Umefika wapi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake, hata salamu alikuwa anairuka. Yoramu alikuwa na simu kubwa ya kioo, kaibandika mbele ya usukani, na alipokea kila ilipolia. Mtoto gani ataiacha simu ya mama yake mjane ilie mpaka ichoke? Alipokea kwenye mteremko, alipokea akiwa anapishana na mabasi, alipokea mkono mmoja ukiwa kwenye gia. Nipo Igawa, mama. Nipo Halali, mama. Emilia alikuwa anapumua dakika ishirini, kisha pumzi inamwishia, anapiga tena.

Na asisingiziwe peke yake. Binti yako Noela, mwalimu kule Njombe, alikuwa anampigia kaka yake kila kengele ya mapumziko. Eveline, ambaye kwa mdomo wake haogopi kitu chini ya jua, alipiga akijifanya anauliza kama viazi vya safari hii ni vikubwa. Tukishampigia Yoramu, tunapigiana sisi kwa sisi kuulizana kama amepokea. Wote tulikuwa tunamlinda mtoto, Obed. Tulimlinda mpaka nusura tumzike.

Muda huo wote kopo lilikuwa kabatini, kitochi chako ndani yake, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Hakuna aliyeligusa. Tulidhani ni kitu cha kumbukumbu.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa tatu, saa tano asubuhi, mvua haijakatika tangu alfajiri. Emilia alikuwa barazani anachambua maharage. Alikuwa ameshampigia Yoramu mara mbili. Mara ya tatu kijana alipokea, akasema, mama, niko kwenye. Hakumaliza. Emilia akasikia kitu kinaanguka na kugonga chuma, akamsikia Yoramu akisema ngoja, ngoja, kana kwamba anaongea na gari. Kisha breki. Kisha mlio ambao mpaka leo hawezi kuueleza, na ukimuuliza anainuka anakwenda jikoni. Baada ya hapo ilikuwa mvua tu. Alisikiliza mvua ya upande wa pili inavyonyesha, akaita jina la mwanawe, akaita, mpaka simu ikakata.

Akapiga, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Alitoka bila viatu mpaka barabara kuu, kana kwamba mtu akisimama Makambako anaweza kuiona Chimala. Eveline alimkuta amekaa ukingoni mwa mtaro, bado anapiga, anarudia neno lilelile: nimempigia kwenye kona, nimempigia kwenye kona. Alivua khanga aliyojitanda akamfunika wifi yake, wakakaa wote wawili wanalowa.

Saa nzima na robo, Obed. Kisha simu ya Eveline ikalia, namba ngeni. Alikuwa Praygod, yule dereva mwenzako mliyekuwa mnapeana taa mkipishana. Alisema amekuta Fuso letu limeegemea ukuta wa mlima, magunia yamemwagika, taa ya kushoto haipo, lakini kijana ni mzima, amechubuka goti tu, huyu hapa aongee. Alisema wamejaribu sana namba ya Mama Yoramu, haishikiki. Haikushikika kwa sababu Emilia hakuwa ameacha kupiga.

Lingeegemea upande wa pili, tusingekuwa na cha kuandika leo. Upande wa pili wa kona zile unaujua, hakuna ukuta, kuna hewa.

Yoramu alimwambia mama yake asihofu, ni utelezi tu, breki zilikataa kidogo. Emilia alimrudishia Eveline simu, akainuka pale mtaroni akarudi nyumbani.

Kijana alifika nyumbani kesho yake jioni, jua halijazama. Mkeo alimwekea chakula, akangoja ale. Alipomaliza akamuuliza breki zina nini. Yoramu akajibu fundi amezitazama, hazina tatizo. Sasa ilikuwaje? Yoramu akachezea kijiko. Akasema simu iliruka pale ilipobandikwa, ikaangukia miguuni, ikaingia chini ya pedali, naye akainama kuitoa. Hata sekunde mbili hazikufika. Alipoinua kichwa, kona ilikuwa imeshafika.

"Nani alikuwa anapiga?"

Emilia alijua. Alitaka litoke kinywani mwa mwanawe.

Yoramu alikiweka kijiko mezani. "Wewe, mama."

"Na ulipokea kwa nini?"

"Ningekuachaje?"

Hapo ndipo swali lako la kwenye kigoda lilipomrudia, zaidi ya miaka kumi na mitano baadaye, na safari hii jibu analo. Alituambia baadaye kwamba alikusikia kabisa, sauti ileile. Aliinuka, akafungua kabati, akatoa kopo. Kitochi chako alikilaza juu ya kitambaa, kopo tupu akampa mwanao. Akamwambia kuanzia siku hiyo yeye hatapiga, na yeyote anayekula ugali wa nyumba hii hatapiga, naye Yoramu gari likitembea asipokee, hata kama ni mama anakufa. Yoramu alilipokea kwa mikono miwili. Simu yake kubwa ilikuwa imepasuka, na hata ingekuwa nzima isingeenea humo. Akatafuta kitochi chake.

Maneno ni mepesi, Obed. Kungoja ndiko kazi. Mwezi wa nne na wa tano mkeo aliishi kwa simu mbili za mwanao, ya kuondoka na ya kushuka, na honi mbili za getini. Katikati alikuwa anaugua. Noela alimkuta siku moja anapalilia tuta alilolipalilia jana yake, udongo umebaki unga. Usiku alilala, kwa sababu Yoramu hatembezi gari usiku, hilo nalo alilirithi kwako. Lakini asubuhi za safari hakuweza kumeza hata uji. Inaniuma, alisema, hapa, akionyesha chini ya ziwa la kushoto, na tukaogopa kwamba tutazika tena mtu wa moyo. Eveline alimshauri apige mara moja tu, polepole, kwenye barabara iliyonyooka. Emilia alimtazama mpaka Eveline akaomba radhi, jambo ambalo katika familia hii halijawahi kushuhudiwa.

Sasa tukuambie ya Jumamosi.

Tulipanga ibada yako ya mwaka saa sita mchana, pale ulipolala mwisho wa shamba la mahindi. Mama yako mzazi Juliana alisema hawezi kukosa, na magoti yake hayawezi basi. Kwa hiyo Yoramu alipanda Matamba Alhamisi kupakia viazi na kumchukua bibi yake, pamoja na mdogo wako Manase. Watu watatu mbele, wote na mikanda, juu ya mzigo hakuna mtu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ililia. Yoramu akasema wanaondoka, bibi yuko katikati, amefungwa mkanda, analalamika kwamba amefungwa kama gunia. Emilia alicheka. Akaangalia saa ya ukutani. Kwa mwendo wako na wake, simu ya Chimala ingekuja saa mbili, ikichelewa sana saa mbili na robo.

Saa mbili ilipita. Robo ikapita. Saa mbili na nusu aliingia jirani kuleta masufuria, akasema mtu wake aliyeko Matamba amemwambia leo ukungu umekaa vibaya, mtu haoni mlango wa jirani. Hakuwa na nia mbaya, masikini. Tulimwona Emilia mkono unakwenda mfukoni. Noela alikuwa na simu yake mkononi tayari. Eveline alikuwa ameshalifungua jina la Yoramu, dole gumba liko juu ya kitufe cha kijani, na anadai alikuwa anaangalia saa.

Mkeo aliinuka. Alichukua sufuria kubwa la ugali wa shughuli, akapita kwa kila mtu aliyekuwa uani, akaunyoosha mkono. Tulitoa. Wapishi walitoa simu zao, wanakwaya walitoa, mchungaji naye alitoa yake, akaomba tu aizime kwanza. Ya mwisho ilikuwa yake mwenyewe. Aliiweka juu ya zile nyingine, akafunika, akaweka tofali juu ya kifuniko, akalipeleka stoo nyuma ya magunia akafunga mlango. Alisema mkono wake haumsikii, na haamini mikono yetu pia.

Na katika watu arobaini tuliokuwa pale, wenye akili zao na shule zao, hakuna hata mmoja aliyefikiria jambo ambalo mtoto wa chekechea angelifikiria: simu zote zikiwa sufuriani, Yoramu atatuambiaje kwamba ameshuka?

Saa tatu. Saa nne. Kwaya ilifanya mazoezi ya wimbo uleule mpaka sauti ya pili ikakauka. Emilia alikaa kumenya viazi, anamenya hata vilivyokwisha kumenywa, mpaka Noela akamtoa kisu mkononi. Alituambia baadaye alichokuwa anakihesabu. Mama mkwe, shemeji, mwana. Watatu kwenye kiti kimoja. Aliona tayari watu wanakuja na suruali zenye matope, wanasimama getini, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Kila pikipiki ilipopunguza mwendo nje alishika ukingo wa meza.

Saa sita mchungaji aliuliza kwa upole kama tuanze. Mkeo alisema tungoje. Saa sita na nusu hakuuliza tena, alikwenda kukaa na wazee. Ndipo Emilia alipotoka peke yake, akakatiza shamba, akaja kusimama kwako. Tulimwona anaongea. Hatukumfuata. Unajua alichokuambia, ila wengine hawajui, na ametupa ruhusa kukiandika. Alikuambia, Baba Yoramu, kama mtoto hayupo, basi safari hii si mimi niliyempigia.

Saa saba na robo tulisikia honi mbili.

Eveline alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye maji ya kuoshea vyombo. Noela alikimbia kufungua geti akakuta liko wazi. Emilia hakukimbia. Alitoka shambani anatembea, mikono ameikunja kifuani, macho kwenye magurudumu, kana kwamba anayahesabu kama wewe.

Manase aliteremka kwanza, ana uso wa mtu anayetaka kujitetea kabla hajashtakiwa. Alisema walifika juu ya kona ya kwanza, ukungu mzito hata bampa ya gari lao wenyewe haionekani. Yoramu akatoka barabarani kabisa, akaweka magogo, akatandaza matawi nyuma ya gari, akazima. Mtandao pale hakuna. Walikaa saa mbili na nusu. Magari mawili matatu yaliwapita yakashuka hivyohivyo kwa kubahatisha. Manase alisema hawezi kuficha, alimsumbua sana kijana. Alimwambia waondoke, watu wanawangoja kaburini, ni aibu kuchelewa kumbukumbu ya kaka yake. Alimwambia mara nne.

Na mwanao alimjibu mara moja. "Baba mdogo, tunakwenda kwa Baba. Na Baba hajawahi kunigombeza kwa kuchelewa."

Mama yako Juliana alimlalia mjukuu wake begani akasinzia, akaamka ukungu umeinuka na maua ya njiani yanaonekana, akauliza kama wamefika.

Yoramu alishuka wa mwisho. Aliweka magogo kwanza. Akamteremsha bibi yake, na Emilia akamsalimia mama mkwe kwa lugha ya kwenu, kile Kikinga chake cha kuvunjika mlichokuwa mnakicheka. Kisha kijana akavuta kopo nyuma ya kiti, akalifungua mbele ya mama yake.

Akampa kitochi akitazame. Hakuna simu hata moja iliyopigwa. Si yake, si ya Noela, si ya shangazi. Yoramu alisema kuanzia Igawa alikuwa anaogopa dakika atakayolifungua kopo mbele yetu, alijua zitakuwa hamsini. Emilia aliishika simu ile kwa muda, anaisoma kama barua.

"Hukupiga," mwanao akasema.

"Sikupiga."

Kisha Yoramu akauliza kitu kingine, kwa sauti ya chini, na tukaona ya kwamba uso wake umekauka. Aliuliza mbona alipofika Chimala alimpigia mama yake na hakupokea.

Tulitazamana, Obed. Watu arobaini. Eveline ndiye aliyetamka: sufuria.

Lililetwa, tofali likatolewa, kifuniko kikafunuliwa. Kwenye simu ya Emilia kulikuwa na simu moja, saa nne na dakika ishirini na nane. Moja tu. Yoramu akatueleza. Mama hakupokea, jambo ambalo halijatokea tangu ulipofariki. Akadhani yamempata, akadhani moyo, kama wewe, siku ileile ya ibada yako. Mguu ulitaka kukanyaga mafuta, akausikia unavyotaka. Alikaa kwenye usukani gari limezimwa mpaka mguu ukatulia. Akairudisha simu kwenye kopo, akafunika, akaja Makambako kwa mwendo wako uleule, huku anaamini anakuja kumkuta mama yake amelala kama ulivyolala wewe.

Saa karibu tatu, mama anamzika mwana na mwana anamzika mama, na wote wawili wazima. Na hakuna aliyepiga, na hakuna aliyekimbiza gari.

Emilia aliangua kicheko. Kicheko kikageuka kilio, akamshika Yoramu shingo kwa mikono yote miwili, akalia kilio ambacho hakulia siku ya mazishi yako, kwa sababu siku ile alikuwa anapokea wageni. Tulimwacha. Hata Eveline alimwacha. Ibada tulianza saa nane, na mchungaji hakuulizia simu yake mpaka tulipokwisha kula.

Sasa wewe unayesoma gazeti hili na una mtu wako barabarani saa hii. Tunajua unamwogopea. Sisi tumeogopa kuliko wewe. Iweke simu chini. Mwache afike, atakupigia amesimama. Na wewe uliyeshika usukani, kama unasoma hivi gari linatembea, tumekwisha kujua huna mtu kama Obed kwenu. Simama kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Wanaokukumbuka ni mama yako mzazi Juliana, ambaye bado anadai mkanda ulimbana, mkeo Emilia, wanao Yoramu na Noela, dada yako Eveline, mdogo wako Manase, shemeji zako wa Kidugala, waliokuja Jumamosi kwa basi na wakasema sasa wameelewa, Praygod na madereva wenzako wote wa viazi na mbao, wa Njombe na Makambako, na ukoo mzima wa Tweve, Matamba.

Mtu wetu akiwa njiani hatumuulizi tena amefika wapi. Wewe, Obed, hatuna haja ya kukuuliza, umefika. Sisi bado tuko barabarani na wewe umo mioyoni mwetu siku zote. Tunakuja taratibu.